Waya Alioukata Mdogo Wangu

Ndugu wasomaji, nina umri wa miaka thelathini na minane, nimefiwa na mke, na naishi peke yangu hapa Manyoni karibu na reli. Zamani watu waliniita fundi. Siku hizi nikipita wananyamaza!

Kazi ya umeme nilijifunza relini. Baadaye tajiri mmoja alifungua kiwanda cha kukamua mafuta ya karanga, akaniajiri nifunge umeme wote. Jenereta ilikaa kwenye banda lake. Ndani ya kiwanda nilifunga sanduku la chuma la swichi kuu, nikaliunga kwa waya na bomba la tangi la maji, kisha nikashusha waya mnene wa shaba hadi kwenye fimbo niliyoizika chini. Ule wa chini ndio mlinzi wa sanduku na bomba pia. Umeme ukivuja, unakimbilia ardhini badala ya kumpata mtu. Nilijivunia kazi ile... Mke wangu Maria alichota maji kwenye bomba lile kila asubuhi.

Mdogo wangu Njiku, niliyemwombea kazi ya ulinzi palepale, alitaka kuoa. Kwetu mchumba asiyepelekewa bangili za shaba huchekwa na wenzake, na shaba madukani ilikuwa adimu. Njiku akafukua kando ya ukuta, akaukata waya wangu, akafukia vizuri. Juu ulionekana mzima! Mimi nikipita naona umeingia udongoni, naridhika. Ningejuaje?

Asubuhi moja waya ndani ya sanduku ukachubuka, ukagusa chuma. Maria alikuwa peku, amesimama kwenye tope, akashika bomba... Nilisikia ndoo ikianguka. Nilipozima swichi, mke wangu alikuwa ameshakufa. Ee Mungu, kwa nini hukunichukua mimi?

Msibani mchumba wa Njiku alikuja kutupa pole. Mikononi alikuwa na bangili mpya, nyuzi za shaba zilizosokotwa vilevile kama waya wangu. Moyo ulinipasuka! Nikachukua jembe, nikaenda kufukua. Ncha ilikuwa imekatwa kwa panga.

Njiku hakukana. "Kaka, niliona umefungwa kwenye udongo tu, hauwashi taa yoyote. Nikajua ni wa ziada."

Mama akanishika miguu. "Mwanangu, Maria harudi. Ukisema, Njiku atafungwa, na mimi nitabaki na nani?"

Nikanyamaza. Niliamini Njiku atasema mwenyewe. Thubutu! Tajiri aliponifukuza mbele ya watu, akiniita fundi mzembe, Njiku alisimama getini akitazama miguu yake.

Kisha wakaja wakwe zangu kutoka Issuna kumchukua Neema, binti yetu wa pekee. Walisema hawamwachi mtoto kwa mtu aliyemuua mama yake kwa uzembe. Hapo ndipo nikasema ukweli wote mbele ya wazee! Lakini waya uliobaki ardhini ulikuwa umeshang'olewa, na bangili hazikuonekana tena. Njiku akakana. Mama akaulizwa, naye akasema hajui lolote... Mama yangu mzazi!

Nikaonekana ninamsingizia mdogo wangu. Neema akaondoka analia, ananiita.

Mwaka jana nilikwenda kumwona. Amekuwa mrefu. Aliniamkia kwa mbali, "Shikamoo baba." Nikanyoosha mkono. Akaficha wake mgongoni.

"Bibi amesema nikikushika nitakufa kama mama."

Nilirudi Manyoni siku ileile. Njiku ana mke na watoto, na mama anakula kwake. Mimi sipewi tena kazi, hata ya kubadilisha taa.

Ndugu zangu, nawasihi! Ukiona waya umeingia ardhini, usiuguse, hata kama huoni faida yake. Na ndugu yako akikosa, ukaombwa unyamaze, sema siku hiyohiyo, kabla ushahidi haujafichwa. Usingoje huruma ya aliyekukosea kama nilivyongoja mimi.

Naandika haya nikijua kwamba Neema hatayasoma. Bibi yake amekataa kumpeleka shule.