Uji wa Kubandikia

Rafiki yangu Atuganile alipanga chumba cha udongo Tunduma. Upepo ulikuwa unapenya kwenye nyufa, kwa hiyo akakoroga uji wa unga na kubandika ukutani kurasa za kitabu chakavu. Ukurasa mmoja ulikuwa na mchoro wa zamani wa kichochoro cha maskini katika mji wa ng'ambo, na mtoto amekaa kizingitini, mbavu nje.

Jioni umeme ukakatika. Akasikia sufuria inalambwa.

"Nani?"

Ulimi haukusimama.

Akanipigia simu analia. "Njoo, dada. Mlango nimeufunga mwenyewe kwa ndani."

Nilifika na tochi, akanifungulia. Uji aliobakiza haukuwepo, sufuria inang'aa. Nikamulika ukutani. Midomo ya yule mtoto ilikuwa na uji, bado haujakauka.