Mwendo wa Yule wa Pembeni

Kaa hapo kwenye stuli, dada. Pindo la gauni si kazi ya kumchelewesha mtu. Ila univumilie, mimi nashona huku naongea. Zamani niliongea kwa umbea tu, sikatai. Siku hizi nina sababu nyingine.

Jioni moja nilikwenda kupeleka mapazia kwenye jimu, ile iliyo juu ya duka la rangi. Kocha ndiye aliyekuwa ameyaagiza. Nikasema nikishamkabidhi nitarudi nyumbani na mdogo wangu, maana siku hizo jioni zake zote zilikuwa zinaishia huko.

Huyo mdogo wangu ndiye kitinda mimba wetu, na tangu mama afariki nimemlea mimi. Tunamwita Mbio. Anakula mbio, anaoga mbio, hata kuzaliwa alizaliwa njiani, mama hajafika hospitali. Alitaka kazi ya zimamoto, na zimamoto wana mtihani wa pumzi. Unakalishwa kwenye mashine ya makasia, unavuta mshikio, kiti kinateleza mbele na nyuma, mpaka umalize masafa waliyokupangia. Mara ya kwanza alianza kwa fujo, katikati akaishiwa upepo, wakamtoa wamemshika mabega. Alikuwa amebakiza nafasi moja tu.

Kocha akamwambia kosa lake, naye akaja kunisimulia. "Wewe unadhani kuvuta harakaharaka ndiyo kuvuta kwa nguvu. Sukuma kwa miguu, halafu rudi taratibu. Mazoezi ya kawaida, mivuto kumi na minane mpaka ishirini kwa dakika inatosha. Siku ya mtihani ndiyo upandishe. Na kama hujui mwendo wako, jaribu kuongea. Ukiweza kumaliza sentensi, uko sawa. Ukishindwa, huo mwendo si wako."

Mbio kutulia? Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Lakini baada ya wiki chache alitulia kweli. Akaniambia kuna mzee anakaa mashine ya pembeni, ukivuta naye bega kwa bega mwili wenyewe unashika mwendo wake, huna haja hata ya kutazama skrini. Nilifurahi, nikamwombea huyo mzee heri.

Kisha nikaanza kumsikia Mbio usiku. Ukuta wetu ni wa mbao, kila kitu kinapita. Anavuta pumzi... halafu kimya. Kimya kirefu, mpaka naamka nakaa kitandani nikisubiri. Ndipo anaitoa. Asubuhi mikono yake ilikuwa baridi, na swali alikuwa analijibu mimi nimeshalisahau. Niliogopa, ila nikajidanganya kuwa ni uchovu.

Sasa jioni hiyo ya mapazia, Kocha nilimkuta chini mlangoni, anahangaika na swichi ya taa.

"Mbio yuko juu?"

"Yuko juu. Peke yake, wengine wameshaondoka."

"Na yule mzee wake?"

Kocha akageuka. "Mzee gani?"

Nilikuwa nimeshaisikia harufu. Ile dawa ya kuchua misuli, kali, inayowasha macho, wanayopaka watu wazima wenye viungo vibovu. Mbio hajawahi kupaka kitu kama hicho. Ilikuwa inashuka ngazini, polepole.

Nikapanda.

Shwaaa... tak.

Kimya.

Shwaaa... tak.

Mlio ulikuwa mmoja, lakini mzito, kama sindano inapopita kwenye nguo mbili kwa pamoja.

Mle ndani kulikuwa na mwanga wa taa za barabarani tu. Mbio alikuwa kwenye mashine yake, macho wazi, anatazama ukuta. Skrini ndogo mbele yake, ile inayohesabu mivuto ya kila dakika, ilisema kumi na mbili. Kisha kumi na moja.

Pembeni yake palikuwa na mashine kuukuu. Skrini yake ilishang'olewa, nyaya zinaning'inia. Haikuwa na mtu.

Kiti chake kilikuwa kinakwenda na kurudi.

Kinakwenda anapokwenda Mbio. Kinasimama anaposimama. Na kila kikirudi kinachelewa kidogo zaidi, na Mbio anakisubiri.

Nilimshika bega, likawa baridi, gumu, likaniponyoka likaendelea na safari yake. Nikamwita. Nikaung'ang'ania mshikio, ukanikokota mpaka nikaanguka magoti. Kumi. Tisa. Hapo nikatambua jambo lililonitoa machozi. Na mimi nilikuwa napumua pamoja nao.

Ndipo nikakumbuka maneno ya Kocha. Jaribu kuongea. Mtu akiongea lazima atumie pumzi yake mwenyewe, hawezi kuazima ya mwenzake.

Nikamwinamia sikioni. "Mbio. Unaikumbuka ile Jumamosi uliyokimbilia shule?"

Shwaaa...

"Hukunawa hata uso. Umevaa viatu vyangu."

...tak.

"Ukakaa darasani peke yako mpaka mchana, unamsubiri mwalimu. Mama alipokuja kukuchukua ulimwambia nini?"

Midomo yake ikatikisika. Nane.

"Ulimwambia nini, we Mbio?"

"Nili..." Sauti ilitoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi. "Nilimwambia... leo nimekuwa wa kwanza."

Akacheka. Kicheko kidogo, kibovu, kikageuka kikohozi, na kikohozi kikauvunja ule mwendo. Mshikio ukamtoka, ukajigonga kwenye mashine. Nilimkumbatia palepale sakafuni nikalia kwa sauti, sioni aibu kusema.

Kiti cha pembeni kilikuwa kimesimama katikati ya reli yake.

Kisha ile harufu ikaja karibu kabisa na shavu langu. Na mnong'ono, usio na haraka.

"Na wewe... utanyamaza lini?"

Kocha alitueleza nusunusu, tukiwa tumeshashuka. Kulikuwa na mzee, mwanachama wa siku nyingi, mtu mwema, kazi yake kuwashikisha wageni mwendo. Peke yake alikuwa havuti, lazima awe na mwenzake. Jioni moja akawa anapunguza, anapunguza, kila mtu akidhani anafanya mazoezi mepesi. Kiti kiliposimama wakamgusa, kumbe alishakata roho kitambo.

"Na aliyekuwa anavuta pembeni yake?" nikauliza.

Kocha akaanza kukunja mapazia yangu, na yalikuwa yamekunjwa tayari.

Mbio alifaulu. Yuko zimamoto, anakula mbio kama zamani, na usiku anakoroma mpaka mbao zinatetemeka. Namshukuru Mungu kwa kila mkoromo.

Mimi ndiyo hivi unavyoniona. Cherehani hii ni ya miguu, naikanyaga tangu usichana, na majirani walikuwa wanalalamika inawapigia kelele. Sikiliza sasa. Umeona? Nimenyamaza kidogo tu kukata uzi kwa meno, na mguu umeshapunguza. Siupunguzi mimi. Usiku Mbio hukaa mlangoni mwangu akinisemesha nikisinzia, ananiuliza mambo ya mama, ananichokoza nimjibu. Leo ana zamu, harudi mpaka asubuhi.

Pindo lako limekwisha, dada. Limekwisha kitambo, nilikuwa narudia palepale. Lakini usiondoke kwanza. Niulize chochote, hata habari za vifungo.

Mbona unakunja pua? Mimi sijapaka dawa yoyote.

Ongea, dada. Tuongee.