Akiba Ndani ya Mshono

Walikutana kwenye foleni ya benki, mahali ambapo hakuna aliyewahi kutafuta mapenzi. Mwanamume alikuwa mpima ardhi, mgane wa miaka hamsini na minane.

"Mzee, suruali yako inafagia sakafu," alisema mwanamke wa nyuma yake, mwenye gauni la samawati na utepe wa kupimia shingoni.

"Wewe ni mkaguzi wa usafi?"

"Fundi cherehani. Ila hali yako ni ya dharura."

Baada ya miezi saba walipanga ndoa. Mpima ardhi, aliyekuwa amekonda sana, alikuwa na siri: ngozi ya korodani zake ilikuwa imelegea na kuning'inia, naye hakuvua nguo kabla ya kuzima taa. Daktari wa upasuaji wa urembo alimweleza bila kupamba. Ipo mashine ya joto, yenye ushahidi haba. Upo upasuaji wa kukata ngozi iliyozidi na kushona. Ipo pia njia ya kuiacha, kwani uzee si ugonjwa. Alichagua kisu. Watu hawaendi kwa daktari ili waambiwe warudi nyumbani.

Alimuaga fundi kwamba anakwenda kupima mashamba. Kisha akawa akimpigia simu kutoka kitandani, kwenye kliniki ya daktari yule.

"Huko jua kali, mpenzi?"

"Kali mno, malkia wangu. Nimebabuka shingo."

Siku ya nne, fundi alifika kuleta mashuka ya kliniki ile, aliyoyashona mwenyewe. Alimkuta ukumbini, akitembea ametanua miguu.

"Ndiyo mashamba yenyewe haya?"

Akamweleza yote, macho sakafuni. Fundi aliyaweka mashuka kwenye benchi.

"Ulipougua homa, nani alikubadilisha nguo?"

"Wewe."

"Na taa ilikuwa inawaka. Niliona yote, baba. Sikuona cha kupunguza."

"Basi nisamehe."

"Ngozi nisingeisemea neno. Lakini mume wangu wa kwanza naye alikuwa 'kazini' miaka sita, simu kila siku, sauti tamu kama yako. Kidonda chako kitapona. Changu umekitonesha."

Hakupokea simu tena. Wiki iliyofuata fundi alimpelekea suti ya harusi aliyomshonea, imekunjwa vizuri. Mpima ardhi aliigeuza ndani nje, kama fundi alivyomfundisha. Katika kila mshono mlikuwa na upana wa vidole vinne vya kitambaa cha akiba, ambacho fundi humwachia mtu anayetarajia kumwona akinenepa, akizeeka, akibadilika.

Aliivaa. Ilimkaa sawasawa.