Chupa ya Tisa

Adero aliandika hesabu za uongo, na kwa sababu ya hesabu hizo watu wa kijiji cha Pap Onditi walikula sumu.

Likizo ya Agosti 1991, msichana huyu wa miaka kumi na minne alikuwa akimsaidia shangazi yake, Perez, katika maabara moja mjini Kisumu. Humo chembe za ini la binadamu zilikuzwa ndani ya chupa. Mzee Dalmas wa Pap Onditi alikuwa ameleta mahindi yaliyoota kuvu, yakaoshwa na kuanikwa kama walivyozoea kwao. Je, yanalika? Perez aliyaloweka, akatia maji yake katika chupa kumi na mbili, kidogo katika nne za kwanza, mengi katika zilizofuata. Sumu ya kuvu ikiingia kwenye ini, chembe huigeuza, na katika kuigeuza huifanya kali zaidi. Nyingine hufa; nyingine huharibika, na saratani huanzia hapo.

Adero alipewa hadubini ahesabu zilizokufa, zile zilizokunywa rangi ya buluu iliyotiwa chupani. Baada ya chupa nne macho yalimuuma. Nane zilizobaki akazijazia namba ndogo ndogo kama za zile nne, akakimbilia ufuoni kwa wenzake. Perez akamwambia Mzee Dalmas mahindi hayana neno.

Wiki mbili baadaye Laban, mfagiaji, alichungulia daftari la hesabu akaangua kicheko.

"Chupa ya tisa niliivunja mimi kabla hajafika! Mama Perez, mtoto wako amehesabu hewa!"

"Uliivunja ukanyamaza?"

Kicheko kikakatika. "Niliogopa, Mama."

"Adero! Ulihesabu ngapi?"

"Nne, Shangazi. Nilidhani zote ni sawa tu."

"Sawa tu! Na watu wanakula!"

Siku hiyohiyo Perez alimpeleka Adero Pap Onditi, akamlazimisha aseme mwenyewe. Mzee Dalmas alimjia juu.

"Mimi ndiye niliyewaambia wale, wewe mtoto! Wamekula kwa neno langu!"

Mahindi yaliyobaki yalifukiwa, ila kibaba kimoja cha kupimwa tena.

"Ungeacha nafasi tupu, ningeuliza," Perez alimwambia Adero. "Uliandika uongo, nikauamini. Na mimi nina kosa, sikukagua. Ukichoka, sema umechoka."

Chembe nyingine zilipatikana baada ya wiki sita; jaribio liliporudiwa, katika chupa zilizotiwa mengi zaidi ya nusu zilikufa. Pap Onditi, magunia matatu yalikuwa yameshaliwa kabla ya mengine kufukiwa. Nyumba kumi na moja. Watoto ishirini na sita.