Button Moja ya Maji

— Rating ya nini, na mtu anataka tu maji?

— App bila rating? Bila ramani? Hiyo ni app ama ni kengele?

— Basi iwe kengele! Mfereji umekauka, nguo ziko kwa sabuni, na wewe unataka mtu achague rangi ya screen!

Huyo ndio Wangeci wangu. Anauza maji ya borehole hapa Kiuu, mitungi yake ya njano imejaa hadi kwa barabara. Mimi ni Muema. Shule niliacha form two, code nikajifunza kwa simu ya kioo kimepasuka. Hiyo app ya kuitisha maji iko karibu kuisha. Iko karibu kuisha tangu mvua ya mwaka jana.

— Siwezi toa kitu nusu, nikamwambia. Watu watanicheka.

— Kwani ni app tu tunaongea?

— Ni nini ingine?

— Baba anauliza utakuja lini kwetu. Kila siku namwambia unajipanga. Hema, magari, wazee wa suti. Utajipanga mpaka nizeeke?

— Nataka nikuje kama mtu, Wangeci. Ruracio, mahari yote, mara moja. Sitaki babako aseme huyu Mkamba hana shule na hana kitu.

— Haiya! Nani alikudanganya ruracio inatolewa mara moja? Kwetu unaanza na ithigi. Mbuzi mbili tu, za kusema huyu msichana ana mwenyewe. Hiyo ingine inakuja polepole. Hata huwa haiishi!

— Kama ntheo kwetu, zile mbuzi za kwanza?

— Kumbe unajua! Unajua na unanikalisha hivi!

Akaingia kwa kibanda akijipangusa macho. Hapo ndio iliniingia.

Nikakaa kwa mtungi, nikafungua laptop. Nikatoa ramani. Nikatoa rating, roho ikiniuma. Ikabaki button moja ya bluu: LETA MAJI. Nikamtumia na text.

“Iko. Usicheke.”

“Sicheki. Nimetumia baba.”

— Umetumia nani?! nikapiga kelele.

— Baba. Gatongora pia hawana maji, akajibu kutoka ndani.

Simu ikalia. Order ya kwanza kabisa: Muigai, Gatongora. Nyuma yake SMS: “Mwenye app alete mwenyewe.”

Nikapakia mkokoteni. Wangeci akafunga kibanda, akaja kusukuma na nyuma. Kwa kilima nikasikia anacheka, na hiyo kicheko sikuwa nimeisikia kitambo.

Mzee Muigai alikuwa kwa gate, simu mkononi.

— Hii kitu yako inafanya nini ingine?

— Hakuna ingine, mzee. Bado.

— Nimebonyeza, maji imefika. Hiyo ingine nikiihitaji nitakuambia.

Akamwangalia Wangeci, anavyonipangusa jasho na leso yake. Akanirudia mimi.

— Na hapa kwangu umeleta maji tu?

Nikaweka mtungi chini.

— Nataka kuhanda ithigi ya Wangeci, mzee. Lakini sina hema. Sina gari.

— Nimekuuliza hema?

— Hapana.

— Basi kuja na mbuzi mbili na mzee mmoja wa kwenu. Mmoja, sio basi nzima. Lini?

— Acha nijipange...

Wangeci akanikanyaga mguu. Alikanyaga na nguvu.

— Leo, mzee! Nakuja nazo leo!

Mzee akacheka mpaka akashika gate.

— Ngai! Si kwanza ukunywe chai!

— Muema, unaenda wapi? Wangeci akauliza.

— Juja. Kwa mjomba Mbuvi. Yeye ni mzee, na anafuga mbuzi.

— Na mkokoteni?

— Ukae hapo. Ujue narudi.

Nikageuka, nikaenda.