Fundi Usi na Ukuta wa Wageni

Jamani wenzangu, kijiji chetu kile, ukikaribia Makunduchi, kilikuwa na asubuhi za raha. Mwaka 1969, jua likichomoza, ulisikia ufagio wa Bi Tabia uani na mumewe, Fundi Usi, akimwimbia binti yao Wanu huku akimwosha mguu. Wanu alikuwa na miaka minane, na donda juu ya kifundo lililogoma kupona mwaka mzima.

Basi wakaja wageni: wanafunzi kumi na wawili kutoka nchi za baridi, waliojitolea kutujengea kituo cha matibabu kwa wiki sita. Nusu walisomea udaktari, nusu ujenzi. Mkubwa wa wajenzi, Kareli, alikuwa kijana mrefu, pua imebambuka kwa jua, mwenye daftari dogo la maneno ya Kiswahili. Alimwamkia shikamoo kila aliyekutana naye, na mbuzi pia. Tulicheka, naye akacheka. Mwenziwe Petra, wa udaktari, alianza na mguu wa Wanu siku ile ile. Kila asubuhi akausafisha, akaufunga. Wiki ya tatu donda likaanza kufunga, na Bi Tabia akalia kwa furaha.

Hapo ndipo balaa lilipoingia, na liliingia limevaa nguo nzuri.

Saruji iliyotarajiwa haikufika. Kareli akaambiwa atumie chokaa, ambayo sisi tunaichoma wenyewe. Akamchukua Fundi Usi amsaidie, maana Usi alitengeneza nyumba za Mji Mkongwe miaka ishirini. Sasa sikilizeni. Chokaa haitaki haraka. Ikitoka tanuuni hulazwa kwenye maji wiki kadhaa, na ukuta wake hupandishwa kidogo, ukaachwa ukauke, ndipo uongezwe. Kareli alizoea saruji. Alitaka leo msingi, kesho dirisha, kwani wakubwa wa serikali walishapanga siku ya ufunguzi.

Lakini kijana aliuliza. Sitamdhulumu.

"Fundi, ukuta sawa?"

"Sawa, bwana Kareli. Sawa kabisa!"

Nyumbani, Bi Tabia, ambaye ndiye aliyechota maji ya kulazia chokaa ile, alimbana.

"Chokaa ina siku nne tu, baba Wanu. Mbona unamwambia sawa?"

"Nimwambie nini? Mguu wa mwanao umo mikononi mwa nani?"

"Petra hatamfungua bandeji kwa ajili ya ukuta."

"Wee! Watu wametoka kwao, wanalala chini, wanakula mihogo yetu, mimi nikawaambie bomoeni? Nnaona muhali, nnaona haya kuwavunja moyo."

"Basi huo muhali wako uuweke chini ya boriti, tuone kama utabeba bati."

Msimcheke Usi peke yake. Mimi nilikuwa nikibeba mawe. Niliona mabonge ya chokaa isiyoiva yakichemka mle mle ukutani, nikanywa chai ya wageni, yenye sukari wakati sukari ni ya foleni, nikanyamaza.

Kareli aliuliza tena siku ya kupandisha boriti. Akauliza mara ya tatu ukuta ulipofanya ufa wa kuingia kidole.

"Utakaa tu, inshallah," Fundi akasema, akauziba.

Masika ikaanza siku mbili kabla ya ufunguzi. Petra akawahamishia wagonjwa ndani ya jengo jipya wasilowe, na wa kwanza alikuwa Wanu, kwa bandeji yake ya mwisho. Fundi alikuwa nje, chini ya upenu, akipaka mlango rangi. Alimwona mwanawe akiingia. Akafungua kinywa. Petra akamtabasamia kutoka dirishani. Akakifunga.

Ukuta haukuruka wala kupiga kishindo. Ulikaa chini kama mtu aliyechoka, kisha boriti na bati zikaufuata. Petra aliteguka bega. Wanu, mawe yaliuangukia mguu ule ule. Lori likamkimbiza hospitali mjini, na huko ukakatwa juu ya goti. Donda, jamani, lilikuwa limeshapona.

Nje ya wodi Kareli alikaa chini karibu na Fundi, vidole vimechubuka kwa kufukua.

"Fundi. Ulijua?"

"Nilijua."

"Nilikuuliza. Mara tatu nilikuuliza."

"Niliona muhali, mwanangu."

Kareli akatoa daftari lake, akalitafuta neno hilo ukurasa kwa ukurasa. Hakuliona. Akalifunga, akalia.

MAFUNZO

Ndugu zangu, muhali si adabu. Adabu ni kumwambia mgeni ukweli kwa upole, mapema, akiwa bado ana nafasi ya kubomoa. Akikuuliza kama kitanda kizuri, mwambie kizuri. Kitakachouma ni mgongo wake tu. Akikuuliza juu ya ukuta au dawa, mjibu kama ungetaka kujibiwa wewe. Nanyi mnaokuja kusaidia, msimuulize mtu kama kazi yenu ni njema hali mwanawe mmemshika. Atawaambia njema tu. Waulizeni na wale wasiohitaji kitu kwenu.

Fundi Usi yu hai, lakini mwiko wake wa kujengea ameutupa. Kila asubuhi humtazama Wanu akienda chuoni kusoma Kurani kwa gongo lake, na akirudi humuuliza, "Mwanangu, umechoka?"

"Sawa tu, baba," Wanu humjibu.

Na babake hajui kama ni kweli.