Ufunguo Ndani ya Skripti

Saa mbili kasorobo asubuhi, feni ya kompyuta ilikuwa ikinguruma kwenye kibanda cha sukari. Pampu zilikuwa kimya.

Normand Thivierge aliingia akikung'uta theluji viatuni. Alitazama kipimajoto cha dirishani. Baridi ilikuwa imepungua, na barafu ilidondoka kutoka paani. Hali ya hewa ikiwa hivyo, utomvu wa miti ya sukari, ambao huchemshwa kuwa sharubati, huanza kushuka, na pampu huuvuta kwa mabomba ya mpira kutoka msituni hadi kwenye tangi. Kazi ya kuwasha pampu ilikuwa ya kompyuta.

"Huguette!" aliita. "Njoo umwone mtoto wako. Amelala, na anakoroma."

Mke wake aliacha supu ya njegere jikoni, akaja. Huguette alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Kwa majira matatu ya baridi alikuwa ameandika skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata yenyewe, mstari kwa mstari. Skripti yake ilisoma joto la hewa, ikawasha pampu, ikazizima, ikaandika kila kipimo. Hakuna mwingine aliyeielewa. Ikipotea, ingebidi aanze upya, na utomvu haungoji mtu.

"Akikosea ni mtoto wangu," alisema. "Akifanya vizuri ni wako."

Aligusa kibodi. Mshale ulisogea kama konokono. Kompyuta ilikuwa ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, lakini kazi hiyo haikuwa yake.

"Washa pampu kwa mkono," alisema.

Normand alibonyeza swichi. Pampu zikaanza kuvuta. "Haya. Sasa lazima mtu akae hapa kutwa nzima kuziangalia."

"Na mtu huyo unamjua," alisema Huguette. Akampigia simu jirani yao, Solange Bolduc. Kazi ya Solange ilikuwa kulinda kompyuta za hospitali moja, naye aliifanyia nyumbani kwake.

"Chomoa waya wa intaneti," Solange alisema mara moja. "Usizime kompyuta. Ukiizima, baadhi ya ninayotaka kuyaona yatapotea. Nakuja."

Alipofika alipewa bakuli la supu kabla hajavua koti. Kwetu katika wilaya ya Beauce, hakuna anayeingia kibanda cha sukari akabaki mikono mitupu. Alikula kwa mkono mmoja, akabonyeza vitufe kwa mwingine.

"Hii hapa," alisema. "Programu hii si yenu. Inatengeneza sarafu za mtandaoni kwa faida ya mtu mwingine. Mdukuzi anatumia kompyuta yenu na umeme wenu. Ndiyo maana skripti ilikosa nafasi ya kufanya kazi."

"Aliingiaje?" aliuliza Normand. "Mlango una kufuli."

"Kufuli hilo halijafungwa tangu babako alipokuwa hai," alisema Huguette.

Solange alicheka. "Sio mlango huo. Kuna mtu anayeingia kwenye kompyuta hii akiwa mbali?"

Mume na mke walitazamana.

"Fernand," walisema kwa pamoja.

Fernand alikuwa kaka yake Huguette. Kama wastaafu wengi wa huku, alikimbilia Florida kila theluji ilipoanza. Lakini moyo aliuacha msituni. Alitaka kuona pampu zikivuta, yeye akiwa ufukweni. Kwa hiyo Normand alifungua njia ya kutoka intaneti moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, akaweka nywila rahisi: sukari.

Walimpigia simu.

"Shemeji!" alifoka Normand. "Umetuletea mwizi!"

"Mimi? Nani aliyefungua njia? Mimi nilikuwa natazama tu. Huku sina la kufanya."

"Si ulisema unaipenda bahari?"

"Bahari haina pampu, shemeji."

Solange aliinamia simu. "Fernand hana kosa la kutazama. Kosa ni njia yenyewe. Zipo programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana, zikigonga kila mlango na kujaribu maneno ambayo watu huyapenda. Hakuna aliyewachagua ninyi. Mlango ulijibu, basi."

Normand alivuta kiti, akaketi. "Angalau karatasi zetu ziko salama. Huguette amezisimba."

Kusimba faili ni kuyageuza yaliyomo kuwa fumbo ambalo halisomeki bila nywila. Ndani ya folda iliyosimbwa kulikuwa na pasipoti zao, barua za daktari wa moyo wa Normand, na karatasi za kodi.

"Nywila yake ni ndefu," alisema Huguette. "Maneno sita yasiyohusiana. Hata mimi ilinichukua muda kuikariri."

"Vizuri sana. Nionyeshe skripti."

Solange alisoma taratibu, akishuka mstari kwa mstari. Kisha aliweka kijiko chini.

"Maneno haya sita ni nini?"

Huguette aliinamia skrini. "Ni nywila ya folda."

"Imefikaje humu?"

"Skripti huhifadhi vipimo ndani ya folda ile kila asubuhi. Nilichoka kuandika nywila kila siku. Nikaiweka humu, ili skripti ifungue yenyewe."

"Kufuli lako ni imara, Huguette. Hakuna anayejua kulivunja. Lakini aliyeingia hapa hakuhitaji kulivunja."

Normand alifungua mdomo. Mkewe alimnyooshea kidole. "Neno moja tu, Normand, na utakula supu baridi." Normand akafunga mdomo.

"Nitabadili nywila sasa hivi," alisema Huguette.

"Utaibadilisha, lakini si kwenye kompyuta hii. Na kumbuka: kama alikwisha kunakili folda, nakala yake bado inafunguka kwa nywila ya zamani."

"Alinakili?"

"Sina ushahidi kwamba alinakili, wala kwamba hakunakili. Kwa hiyo tunafanya kama amenakili. Iarifu benki leo, na ofisi ya pasipoti."

Huguette aligusa flashi iliyochomekwa ubavuni mwa kompyuta. "Nakala ya skripti yangu iko hapa."

"Tangu lini imechomekwa?"

"Tangu niinunue."

"Basi hiyo ni abiria wa gari lile lile. Gari likipinduka, naye amo."

Walikuwa wamebakiwa na njia moja ya kuiokoa skripti. Solange aliihamisha skripti kwenye kompyuta yake kama maandishi matupu, bila kuiendesha. Huguette alivaa miwani, akaisoma yote. Supu ilipoa. Normand aliangalia pampu, akatoka kuchochea moto wa kuchemshia utomvu, akarudi, akakuta mkewe hajainua kichwa.

"Hapa," alisema Huguette mwishowe. "Mistari hii miwili si yangu. Mimi huacha nafasi kabla ya kila agizo jipya. Huyu hakuacha."

Solange aliisoma. "Ni kweli. Inaiamsha programu ya mdukuzi kila inapozimwa. Bila jicho lako, tungeirudisha sisi wenyewe."

Huguette aliifuta mistari hiyo. Kisha akayafuta maneno yake sita.

Solange aliifuta kompyuta yote, akaweka mfumo mpya na masahihisho yake yote ya usalama. Njia ya Fernand ilifungwa. Badala yake alipewa ukurasa wa kutazama vipimo tu, ambao haufunguki mpaka athibitishe kwa simu yake. Vipimo viliwekwa kwenye folda ya peke yake. Karatasi za familia zilihamishiwa kwenye kompyuta ya nyumbani, zikasimbwa upya kwa nywila mpya.

"Ukimaliza kuzisoma, funga folda," alisema Solange. "Folda iliyosimbwa ikiwa wazi, mdukuzi aliye ndani anaisoma kama wewe. Na skripti isipewe ruhusa ya kuigusa. Ya pampu iishie kwenye pampu."

"Na nywila niiweke wapi?"

"Kichwani. Nakala iwe kwenye bahasha iliyofungwa, kwa mtu unayemwamini. Isiwe kwa Fernand."

"Nimesikia!" ilisema simu, ambayo hakuna aliyekumbuka kuikata.

Skripti safi ilinakiliwa kwenye diski mbili. Moja ilikaa kabatini bila kuchomekwa. Ya pili ilikwenda kwa Solange, pamoja na kopo la sharubati ambalo alilikataa mara moja tu.

Asubuhi iliyofuata baridi ilipungua tena. Huguette na Normand walisimama mbele ya kompyuta. Feni haikusikika. Kipimajoto kilipanda juu ya sifuri, na skripti ikawasha pampu. Kwenye skrini kulikuwa na orodha ya waliojaribu kuingia usiku kucha kutoka nchi ambazo Normand hakuzijua, na mbele ya kila mmoja neno moja: amekataliwa.

Saa kumi na moja jioni utomvu ulifika ukingo wa tangi. Pampu zilizimwa na skripti.